Waajiri mnauliza: kima cha chini, saa za ziada na makato

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, vijana watatu. Nimesikia kima cha chini sasa ni 358,322. Ndiyo niwalipe wote hiyo?

Swali hili linaletwa mno tangu Amri mpya ya Mishahara ianze kutumika Januari 1, 2026. Hizo 358,322 ni kiwango cha jumla kilichotangazwa kwa sekta binafsi, kutoka 275,060, yaani ongezeko la asilimia 30 hivi. Unachodaiwa wewe kimo kwenye jedwali la sekta yako, kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Soma mstari wa sekta yako, usisome vichwa vya habari. Na kama tayari unalipa zaidi, jedwali si ruhusa ya kushusha.

Mfanyakazi wangu yuko kwenye majaribio. Naweza kumlipa chini ya kima?

Hapana. Aliye kwenye majaribio ni mwajiriwa.

Mlinzi wangu anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku sita. Tulikubaliana 390,000 kwa kila kitu. Kuna tatizo?

Lipo, tena zito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Yeye anafanya 72, kwa sababu asiyeruhusiwa kuacha geti wakati wa kula bado yuko kazini. Zinazidi saa 27 kwa wiki, yaani 108 kwa wiki nne, wakati ukomo wa saa za ziada ni 50.

Sasa piga hesabu. Mshahara wa mwezi gawa kwa 4.333, kisha kwa 45. Ni kama kugawa kwa 195. Hizo 390,000 zinatoa 2,000 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu: 3,000. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa angalau asilimia 5: shilingi 100 kwa saa ya kawaida, 150 kwa saa ya ziada. Siku yake ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili: 4,000. Saa zake 27 peke yake ni 81,000 kila wiki, kabla ya nyongeza ya usiku, na hamjawahi kuziandika popote.

Kulipa deni hilo hakuhalalishi ratiba. Ongeza mlinzi, panga zamu za saa nane. "Tulikubaliana" haina nguvu hapa. Makubaliano yaliyo chini ya sheria hayamfungi mfanyakazi.

Nikigawa mshahara, nusu msingi nusu posho, saa za ziada si zitashuka?

Kwenye karatasi zitashuka, kwa kuwa zinakokotolewa kwenye mshahara wa msingi na posho hazimo. Ndiyo maana mtego huu unauzwa sana. Msifanye. Kima cha chini chote kikae kwenye mstari wa mshahara wa msingi. Chakula na nauli viwe juu yake.

Keshia amepungukiwa 180,000. Nakata mwisho wa mwezi?

Si kwa kuamka tu na kukata. Kwanza lazima upotevu uwe umetokea kazini na kwa kosa lake. Droo inayotumiwa na watu watatu haina wa kumshika. Mpe barua inayotaja sababu, kiasi na ulivyokipata. Mpe nafasi ya kweli ya kupinga. Ukishamaliza hayo, makato ya deni hilo hayazidi robo ya malipo yake ya fedha: anayelipwa 360,000 anakatwa 90,000 kwa mwezi, kwa hiyo miezi miwili. Kukata kimyakimya ndiko kunakowapeleka waajiri wengi mikono mitupu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi.

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20. Nikate wote kwa mfanyakazi?

Hapana. Mchango wake hauzidi nusu ya hiyo.

Ninalipa kwa simu. Hati ya mshahara bado inahitajika?

Inahitajika. Ujumbe wa simu hauonyeshi saa, makato wala sababu zake. Apate maandishi kila siku ya malipo, na ridhaa yake ya kulipwa kwa njia hiyo iwe kwenye faili.

Nitunze makaratasi muda gani?

Maelezo ya ajira, miaka 5 baada ya kazi kuisha. Tunza na hati za mishahara hivyo hivyo. Mfanyakazi akidai sharti fulani la mkataba nawe huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe.