Kusikiliza nyimbo za simu kwenye redio ya valvu ya babu

Kupiga nyimbo za simu kwenye redio ya babu inawezekana kabisa kaka, na hiyo redio usiifungue kuichomekea bluetooth, utaiharibu bure.

Badala yake tengeneza kirusha mawimbi kidogo cha AM, redio iyapokee. Tafuta osileta ya kristali ya MHz 1 (kifaa kinachotoa mawimbi ya redio), kile kikopo cha bati chenye miguu minne. Hutoka kwenye bodi za kompyuta kuukuu, uliza mafundi wa Katwe, Kampala. Hiyo peke yake itakupa ukimya tu kwenye namba 1000 (kHz) ya masafa ya kati, yaani AM. Ili iimbe, unahitaji transfoma ndogo ya spika, ile ya redio za zamani za transista. Upande wa omu 8 unaenda kwenye simu, upande wa pili unakaa katikati ya betri na mguu wa umeme wa osileta. Muziki unautikisa huo umeme, na mawimbi nayo yanapanda na kushuka. Sauti ikikwaruza, punguza volyumu ya simu kwanza kabla hujalaumu kitu kingine.

Tumia betri, chaja za simu zinanguruma vibaya sana kwenye AM.

Waya wa antena mita moja inatosha, uulaze karibu na redio. Usiufunge kwenye bodi ya chuma, maana baadhi ya redio za valvu bodi yake inabeba umeme wa ukutani, volti 240, na hiyo haina mzaha. Waya mrefu juu ya paa acha kabisa. Masafa yana mwenyewe, UCC (tume ya mawasiliano ya Uganda), na kurusha matangazo mtaani bila leseni ni kosa.