Maswali yenu kuhusu masomo ya jinsia chuoni

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, wasomaji wa Dodoma na mikoa jirani huniuliza sana kuhusu shahada ya masomo ya wanawake na jinsia. Leo najibu machache.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na nataka kusoma masomo ya jinsia. Baba anasema huko wasichana hufundishwa kubishana na waume zao. Nimjibuje bila kumkosea adabu? (Binti, Kondoa)

Marahaba mwanangu. Usimpelekee nadharia, mpelekee habari za shamba. Nani anapalilia alizeti? Nani anaamua iuzwe lini? Ardhi imeandikwa jina la nani? Maswali hayo matatu, nani anafanya, nani anaamua na nani anamiliki, utakutana nayo tangu mwaka wa kwanza.

Kisha msimulie kesi ya Holaria Pastory. Mama huyu wa Kihaya aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Alipoliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, ndugu yake akamshtaki, kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo ya ubaguzi haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Baba alitaka binti yake awe na kitu, na ilibidi mahakama iingie kati ndipo nia yake iheshimiwe. Mzazi mwenye mabinti atalielewa hilo haraka.

Mweleze pia kwamba mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea vikatambuliwa na sheria kuwa ni kazi. Nikifundisha hukumu hiyo, wanafunzi wengi huwafikiria mama zao, na mimi pia.

Shahada yenyewe inaitwaje, na inapatikana wapi? Sitaki kwenda mbali na Dodoma. (Msomaji, Area C)

Majina hutofautiana. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kivukoni, kina shahada ya Jinsia na Maendeleo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina taasisi yake ya masomo ya jinsia. Ukitaka kubaki hapa, soma sosholojia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), chagua kozi za jinsia kila inapowezekana, na tasnifu yako uifanye juu ya wanawake. Naipenda njia hii kwa sababu inakufundisha kuhoji watu na kusoma takwimu. Sifa ya chini ya kawaida ni principal mbili (ufaulu kamili katika masomo mawili ya kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4, lakini fungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) uone kila kozi inadai masomo gani.

Mimi ni mvulana. Nitachekwa? (Manyoni)

Labda wiki ya kwanza. Nenda. Wenyeviti wengi wa vijiji ni wanaume, na mwanamke aliyepigwa mara nyingi huanzia kwao. Tunahitaji wanaume waliolisoma jambo hili.

Nitamlipia ada miaka mitatu. Ataajiriwa wapi? (Mzazi, Singida)

Mzee wangu, sitakudanganya: kazi ipo, ila haimsubiri mtu mlangoni. Nafasi za maafisa maendeleo ya jamii ziko katika halmashauri na kata. Hao ndio wanaoshughulika na vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Kuna wizara yenyewe ya maendeleo ya jamii na jinsia, hapa Dodoma, na mashirika kama TAMWA, la wanahabari wanawake, lililoanza 1987, na TGNP, mtandao wa jinsia, lililoanza 1993. Kabla hajachagua kozi, someni pamoja matangazo ya zamani ya Sekretarieti ya Ajira, maana hutaja shahada kwa majina na jina lisilolingana humwacha mtu nje. Na asiikimbie kozi ya takwimu. Aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo mapema.

Niko mwaka wa tatu. Tasnifu yangu ni ya ukeketaji, kijijini kwetu Chamwino. Wanawake wananijibu "siku hizi hayapo", kisha wananyamaza. (Mwanafunzi)

Wana haki ya kunyamaza. Tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na wewe unafika na daftari. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wamekeketwa, na Manyara asilimia 58, wakati kwa nchi nzima ilikuwa 10. Sheria ilipokaza, kwingine jambo lilihamia kwa watoto wachanga, kimyakimya.

Kwa hiyo usimwulize mtu kama alimkeketa mwanawe. Uliza mtoto akipata lawalawa wanafanya nini. Maradhi hayo ya sehemu za siri hutibika kwa usafi na dawa za hospitali, lakini wengi waliaminishwa kwamba dawa yake ni kukeketa. Hapo utasikia mengi. Chukua barua ya chuo, pita halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kisha kijijini. Ukishafika, omba kukaa na mama bila mwenyeji wala mama mkwe. Niliwahi kuzungumza na mama mmoja akipepeta karanga. Kila mara mwenyekiti wa kijiji alipokaribia, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua, na ungo haukusimama hata mara moja. Usiandike jina la mtu, usirekodi bila ruhusa, na akisema basi, funga daftari.

Tena usiwaandike kama watu wa kuhurumiwa tu. Kwa Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, na wapo wanaosimama hadharani kuukataa ukeketaji. Watafute hao pia.

Vitabu vyote ni vya Kiingereza na mifano ni ya Marekani. Nitaelewaje? (Mpwapwa)

Ni kweli Marekani walitangulia kuwa na programu hii, San Diego, 1970, lakini Makerere walifungua idara yao 1991, na hapa kwetu Profesa Marjorie Mbilinyi ameandika miaka mingi juu ya wanawake wakulima. Anza na yake. Soma kwa Kiingereza, andika muhtasari kwa Kiswahili, kisha msimulie mama yako. Akikuuliza swali usilo na jibu lake, mpelekee mhadhiri wiki inayofuata.