Historia ya Afrika Mashariki kutoka ng'ambo ya Atlantiki: anza na merikani

Anayetaka kuisoma historia ya Afrika kwa kutazama kingo zote mbili za Atlantiki huelekezwa Gorée au Elmina, vituo vya biashara ya watumwa vya Afrika Magharibi, kana kwamba pwani yetu ilijua Bahari ya Hindi peke yake. Shika merikani, nguo ya pamba iliyotoka Marekani, uifuate: pamba iliyolimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa Massachusetts, ikapakiwa bandari ya Salem huko huko Massachusetts, ikashushwa Unguja, kisha ikafika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, mabegani mwa wapagazi. Meli zilirudi na sandarusi ya kutengenezea vanishi, na pembe za ndovu zilizochongwa vibonyezo vya piano huko Deep River na Ivoryton, Connecticut.

Chukua kipindi kifupi. Kuanzia 1833, mwaka wa mkataba wa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Marekani uliowawekea Wamarekani ushuru wa asilimia 5, hadi 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipovuruga pamba yao. Baada ya hapo nguo za Uingereza na Bombay ziliziba pengo, jina likabaki. Kwa hiyo merikani ya hati ya 1870 usiihesabu kuwa ya Massachusetts kabla ya kuona ankara au alama ya kiwanda.

Karatasi za Richard Waters, konsuli wa Marekani aliyefika Unguja 1837, zimo katika maktaba ya Phillips ya Peabody Essex Museum. Maktaba hiyo iko Rowley, si Salem penye makumbusho. Weka miadi mapema. Zisome sambamba na barua za konsuli wa Uingereza. Waters alikuwa konsuli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, basi akilalamika kuwa soko limekufa, tazama kwanza nani mwingine ametia nanga.

Vipimo ndivyo vinavyowaangusha wengi. Frasila ni kama ratili 35, karibu kilo 16. Shuka ni yadi 2, doti yadi 4, jora kama yadi 30, ingawa bara nguo ilipimwa kwa mkono wa mtu, na mikono hailingani. Dola ya Hispania na ile ya Maria Theresa, sarafu za fedha zilizotumika katika biashara hiyo, hazikuwa na thamani moja kila mwaka. Nakili kipimo cha hati kama kilivyo. Ubadilishaji uweke safu ya pembeni.

Hesabu za forodha nazo zina lake. Forodha ilikodishwa kwa mfanyabiashara Jairam Shivji (mtafute pia kama Jeram), aliyemlipa mtawala ili akusanye ushuru yeye mwenyewe, kwa hiyo unachokiona ni daftari la mkodishwaji, si takwimu za serikali. Na shehena iliyoandikwa Salem kuwa "kutoka Zanzibar" huenda ina kahawa ya Mocha, kwa sababu meli zilipitia bandari kadhaa. Fuata njia nzima ya meli kabla ya kujumlisha.

Wapagazi karibu hawaonekani katika barua za Salem. Watafute kwa wasafiri wa bara kuanzia Waingereza Burton na Speke, 1857, walioandika hongo (malipo kwa watawala wa njiani ili msafara upite) na posho kwa doti. Linganisha bei ya doti pwani na ya Unyanyembe. Tofauti hiyo ndiyo iliyobeba ujira wa wapagazi, hongo za njiani na faida ya wenye misafara.