Umeambiwa uchukue kasisi kwa sababu "hakuna mponyaji"? Kataa

Kataa leo, kabla hujaandika hata jina kwenye karatasi ya mhusika.

Unasema kundi lenu la Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, lina mpiganaji, mwizi na mchawi, wewe roho yako iko kwa manju, yaani mwimbaji anayefanya uchawi, ila "mwenye uzoefu" wa meza yenu kakwambia kundi lisilo na kasisi halifiki popote. Halafu unauliza kati ya namba za uwezo wa mhusika, ile kubwa uiweke wapi. Tutafika huko. Kwanza huyo mwenye uzoefu, maana nahisi namjua. Kama si yeye, ni pacha wake.

Wa kwetu alicheza mwizi, mtu ambaye kazi yake ni kujibanza nyuma ya nguzo na kuchoma kisu. Lakini kila pambano yuko mbele kuliko mpiganaji, na akipigwa tu anapaza sauti: "Niponye!" Somo lake la ukasisi lilikuwa fupi: zamu yako ikifika, angalia nani kaumia, mponye. Basi. Mimi mgeni, kitabu sijakifungua, nikameza kama nilivyopewa. Nikawa zahanati inayotembea, ila zahanati angalau hufungwa jioni.

Sasa piga hesabu, kwa kanuni za 2014 ambazo ndizo tulizotumia. Tuko leveli ya 3, tumebanwa korongoni na mazimwi mawili. Rungu la zimwi likikupata ni dadu 2 za pande 8 ukijumlisha 4, wastani 13. Uponyaji wa kugusa wa ngazi ya kwanza ni dadu 1 ya pande 8 ukijumlisha uwezo wako, ambao kwangu ulikuwa 3. Wastani 7 na nusu. Mimi naweka 7, rungu moja linaondoka na 13. Waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha hawakukaa kwenye meza ile. (Kitabu cha 2024 kimeongeza dadu za uponyaji, wastani huo unafika 12. Bado rungu linakuzidi.) Na kasisi wa leveli hiyo ana nafasi 6 tu za uchawi, yaani mara 6 za kuutumia, mpaka alale: 4 za ngazi ya kwanza, 2 za ngazi ya pili. Zote niliziteketeza kwa kuponya watu ambao bado walikuwa wamesimama kwa miguu yao!

Kinachoniuma ni vile nilivyokuwa navyo mkononi. Nafasi ile ile ya ngazi ya kwanza inarusha mshale wa nuru, dadu 4 za pande 6, wastani 14, na mwenzako anayefuata kumpiga adui huyo anarusha dadu 2 na kuchukua iliyo kubwa. Zimwi lina uhai 59, mishale kadhaa ya namna hiyo pamoja na panga za wenzako na limelala. Kulikuwa na Baraka, watu 3 wanaongezewa dadu ya pande 4 kwenye kila shambulio. Kulikuwa na silaha ya roho, unaiita mara moja halafu unaipigisha zamu baada ya zamu kwa kitendo cha ziada, kile kidogo unachofanya juu ya kitendo chako cha kawaida cha zamu. Vyote vilibaki kwenye karatasi, kwa sababu kuna bwana mmoja anaita "niponye".

Mpiganaji wetu akaanguka. Nafasi zimekwisha, nami niko upande wa pili wa mazimwi. Aliyeanguka hurusha dadu za kifo, moja ya pande 20 kila zamu yake: 10 kwenda juu umefaulu, chini yake umefeli, ukifeli mara 3 mhusika kafa. Yake ya mwisho ilijizungusha karibu na kikombe ikasimama kwenye 4. Dada aliyekuwa akimchezesha akaikunja karatasi yake taratibu, mara mbili, bila kusema neno. Mwizi ndiye aliyesema: "Ungemponya mapema." Huyo huyo ambaye nusu ya uponyaji wangu ulikuwa mwilini mwake! Mpaka leo nikiandika hili vidole vinataka kuandika mengine.

Imani hiyo ina asili yake. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na klasi 3 tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Wakati ule ukimkosa kasisi umekosa theluthi ya mchezo. Kitabu cha 2014 kina klasi 12, na uponyaji umesambaa kote. Lile Neno la Uponyaji, linalomfikia mtu aliye futi 60 kutoka ulipo kwa kitendo cha ziada tu, manju analo tangu leveli ya 1. Unamsubiri mtu aanguke, unamtamkia, anaamka na dadu zake zote za kifo zimefutwa. Mwenye uhai 1 anapiga sawasawa na mwenye uhai 30. Nafasi moja tu ningeiweka kwa ajili hiyo, yule dada angekuwa bado anacheza mhusika wake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami humlazimisha kila mgeni: kabla ya kukubali klasi, andika zamu 3 mfululizo utakazocheza siku ambayo hakuna hata mmoja aliyeumia. Ukikwama, hiyo klasi si yako, hata kundi zima likupigie magoti.

Jaribu na manju. Zamu ya kwanza, unalipiga zimwi uchawi wa kicheko, linaanguka chini linagaagaa. Kwa kanuni za 2014 kicheko hakiwapati wenye akili 4 kushuka chini, na zimwi lina 5, limeponzwa na pointi moja ya elimu. Zamu ya pili, unamtia mpiganaji hamasa, dadu ya pande 6 aitumie atakapo. Ya tatu, unalitukana zimwi la pili mpaka rungu lake liyumbe. Ona, hakuna aliyevuja damu na wewe una kazi. Namba kubwa weka kwenye mvuto, ndio unaoendesha uchawi wa manju.

Mtumie mwendesha mchezo ujumbe usiku huu: manju. Na yule mwenye uzoefu akinuna, mwulize anacheza klasi gani na kwa nini hiyo ya kasisi asiichukue yeye. Kama ni mwizi, njoo unijulishe hapa, nitakuwa nimempata.