Maswali yenu: kipigo kwenye nyumba za kupanga

*Nakaa Igoma, chumba kimoja na mume wangu, mkataba una jina lake na juzi tu tumelipa kodi ya miezi sita. Ananipiga. Nikiondoka si hela yangu imeenda?*

Dada yangu, hela inauma, najua, ila kodi isikuweke hapo hata wiki moja. Usimwambie kwamba unaondoka na wala usimtishie, maana hapo ndo wengi wanaumizwa vibaya zaidi. Anza kutoa vitu vidogo kimyakimya, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya watoto, kadi za kliniki, nguo mbili tatu, weka kwa mtu wako (sio wifi, hata kama mnapatana) halafu ondoka siku akiwa kazini. Godoro na vyombo utavifuata baadae ukiwa na mwenyekiti wa mtaa au polisi. Mwenye nyumba muone wewe mwenyewe, wapo wanaoelewa wakarudisha kidogo, akikataa basi, umetoka mzima.

*Polisi si watasema ni mambo ya ndoa?*

Ukikutana na wa hivyo usirudi nyumbani, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto hapohapo kituoni. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Chukua PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), nenda hospitali ya Sekou Toure alama zikiwa bado zinaonekana. Na hapa Mwanza kuna Kivulini, shirika la haki za wanawake, wapo toka 1999, nenda ukaongee nao.

*Hatujafunga ndoa, tunaishi tu mwaka wa nne Kirumba, nauza dagaa, yeye anasema sina changu humo ndani.*

Anakudanganya mdogo wangu. Mkiishi miaka miwili au zaidi na watu wanawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 cha hiyohiyo Sheria ya Ndoa kinawachukulia mmeoana mpaka yeye athibitishe vinginevyo, na mahakama inaweza kuagiza matunzo yako na ya watoto. Hata kupika na kulea ni mchango kwenye mali, Mahakama ya Rufani ilishasema 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed. Tunza risiti na meseji za miamala.

*Jirani yangu anapigwa kila wikiendi, tunatenganishwa na ukuta tu. Niingilie?*

Ndio, ila usiende peke yako. Iteni wapangaji wenzenu mgonge mlango kwa pamoja, mwingine apigie polisi 112, na kama kuna mtoto anaumizwa ni 116, bure. Kesho yake mume akitoka mwambie dada wa watu kwamba begi lake linaweza kukaa kwako.