Peugeot 504 linachemka ukipanda Kericho: usifungue injini bado

Ndugu, umesema umenunua Peugeot 504 ya mwaka 1982 hapo Kisumu kutoka kwa familia ya mzee aliyelipenda sana. Mjini linakwenda vizuri, ukipanda Kericho linachemka, likishapata moto linazima, na fundi amekushauri ufungue injini yote. Tafadhali mwambie asubiri. Mimi nina la 1979 hapa Nakuru. Nililitoa Molo likiwa limekaa bandani zaidi ya miaka sita, na hayo unayoyaeleza yamenipata karibu yote.

Lakini hujasema neno kuhusu breki, na hapo ndipo ningependa uanze. Mimi nilianza na injini. Wiki ya tatu nikitoka Mau Summit, nateremka kuelekea Salgaa (na mteremko ule sote wa huku tunaujua), nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kukanyaga breki, pedali ikazama laini hadi chini. Nilirudisha gia ya tatu, kisha ya pili, huku navuta breki ya mkono kidogo kidogo, hadi nikaingia kwenye changarawe pembeni. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilirusha matone ya maji kwenye rimu ya mbele kushoto, yakalia chaa na kutoweka.

Fundi wa breki aliufungua ule mpira unaopeleka mafuta gurudumuni, akaukata kwa kisu, akaniambia, "Kijana, tazama." Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Kwa ndani ulikuwa umevimba, tundu limebaki dogo kama la sindano. Ukikanyaga, mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite. Ukiachilia, hayarudi, kwa hiyo pedi zinabaki zimeuma diski njia nzima. Joto lile likayachemsha mafuta ya breki, ambayo yalikuwa yamekaa miaka na kunyonya unyevu, na mvuke hauwezi kusukuma pistoni. Kwa hiyo badilisha mipira yote ya breki hata kama inaonekana mizuri, mwaga mafuta yote ya zamani, tia DOT 4 (aina ya mafuta ya breki) kutoka chupa iliyofungwa, kisha mtoe hewa gurudumu kwa gurudumu. Inua kila gurudumu kwa jeki, kanyaga breki, achilia, ulizungushe kwa mkono. Likigoma, bado hamjamaliza.

Sasa maji. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Kericho takriban 2,000. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa joto la nyuzi moja chini zaidi. Kinachozuia yasichemke mapema ni kifuniko cha radiata, kwa sababu kinashika presha ndani. Mpira wake ukishakauka, presha inatoroka. Kisumu hutagundua, mlimani utagundua. Nunua kipya chenye kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye cha zamani. Usiongeze presha ukidhani ni nafuu, utapasua mipira ya maji. Na usikifungue injini ikiwa moto.

Kitu cha pili ni feni, na hapa ndipo pesa zangu nyingi zilipotelea. Nilibadilisha thamostati (kifaa kinachofungua njia ya maji yakipata moto), nikabadilisha pampu ya maji, gari likaendelea kuchemka. Feni ya 504 haishikani na belti wakati wote. Ina sumaku ya umeme inayoifunga maji yanapopata moto, na umeme unafika kupitia kaboni ndogo inayosugua kwenye puli. Kaboni ikiisha, au waya wake ukikatika, feni inazembea tu na upepo. Mtu akichungulia ataiona inazunguka, ataapa ni nzima. Injini ikiwa imezimwa na ni baridi, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye ule waya wa kaboni: ukisikia "tak", sumaku inashika. Usiposikia, umeshampata mwizi. Yangu ilikuwa kaboni, kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Hedi (sehemu ya juu) ya injini hii ni ya alumini, ikichemshwa mara nyingi hupinda, kwa hiyo usiendelee kulipandisha Kericho kwa majaribio. Na acha maji matupu ya bomba, tia kuulanti, yaani maji maalum ya kupoza injini. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1975, na 504 Coupé ya V6 ikashinda 1978, na zile ndefu za stesheni wageni zilibeba abiria barabara hiyo hiyo miaka mingi. Kuchemka si tabia yake.

Kuzima likipata moto: weka plagi ya akiba kwenye gari. Likizima, hapo hapo, kabla halijapoa, chomeka plagi ile kwenye waya mmoja, igusishe chuma cha injini kwa koleo lenye mpira, mtu apige stata. Cheche ya buluu yenye nguvu, tafuta tatizo kwenye petroli. Langu lilikuwa na chujio lililojaa unga wa kutu kutoka kwenye tanki. Cheche ya njano au hakuna, shuku kondensa kwanza (kile kikopo kidogo cha umeme kwenye distributa), halafu koili inayoongeza nguvu ya umeme wa cheche. Kondensa mpya nyingi za siku hizi hazidumu, kwa hiyo ukipata ya zamani iliyo nzima, itunze. Mkiwa hapo pimeni pointi, ile swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili cheche itoke, nafasi iwe karibu milimita 0.4.

Rangi na viti viache kabisa kwa sasa. Fanya jaribio la feni na la cheche, kisha uniandikie hapa ulichoona, pamoja na rangi ya plagi zote nne ukizitoa, ukianzia upande wa radiata.