Nta nyeusi, laini kama uji: tazama maji na chombo

Mleta mada ameeleza kwamba aliyeyusha masega baada ya kukamua asali, akapata nta nyeusi iliyo laini kama uji mzito, naye anauliza kama inafaa kwa lolote. Nami yalinikuta hayo hayo nilipoanza kufuga nyuki Manyoni. Nikawalaumu nyuki bure, kumbe kosa lilikuwa karai langu la chuma na maji ya kisima.

Chuma huitia nta weusi. Maji yenye chokaa nyingi, nayo, huungana na asidi zilizomo ndani ya nta na kufanya kitu mfano wa sabuni, na huo ndio uji uliouona. Usiitupe. Iyeyushe upya kwa maji ya mvua yaliyotiwa siki kidogo, katika sufuria ya alumini, kwa moto mdogo usiochemsha, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu na ikizidi 85 rangi yake huharibika. Ichuje ingali ya moto, kisha funika chombo ili ipoe polepole. Nta itaelea na kuganda juu, na uchafu uliobaki utashikamana na upande wa chini wa bonge, ambao utaukwangua kwa kisu. Masega makuukuu yaliyolelewa majana, yaani watoto wa nyuki, usiyategemee sana, maana maganda yaliyobaki ndani hufyonza nta nyingi.

Kwangu mimi matumizi ya kwanza ni mzinga mtupu: nasugua nta kwenye fito na mlangoni, kwa sababu kundi linalotafuta makao huvutwa na harufu hiyo. Inayobaki naichanganya na mafuta ya alizeti, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta, ikawa dawa nzuri ya visigino vilivyopasuka wakati wa kiangazi. Fundi viatu jirani yangu huomba kipande apitishe uzi wake, usinyonye maji wala kukatika upesi.

Kwa mchanganyiko huo wa mafuta, weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji ya moto, wala usilibandike bakuli jikoni moja kwa moja. Nta ikishika moto, funika kwa mfuniko, usimwage maji kamwe. Na ukiona utando mweupe juu ya bonge lililokaa miezi, hiyo si kuvu: lisugue kwa kitambaa chenye joto, utatoka.